Kauli ya Dada Mkubwa

Binti yangu huchora nembo na vifungashio, kazi ya kujitegemea, mezani kwetu sebuleni. Mwenye bekari alikuja mara ya nne kutazama mchoro wa mfuko wa mikate.

"Mzuri mno, mwanangu. Nitakujulisha."

Mara tatu za kwanza alipoambiwa hivyo, binti alifurahi. Safari hii alitazama kalenda ukutani. Ijumaa ilikuwa mwisho wa kujibu barua ya manispaa iliyompa kazi ya ukarani: asipopata mteja, anakwenda kugonga mihuri. Ofisi za wakubwa nazijua. Faili la matibabu la mama yake lilikaa kwao miezi minane likisubiri sahihi, na kila nilipokwenda niliambiwa kwa tabasamu kwamba nitajulishwa. Nilijulishwa nini? Nilimzika. Karani aliyekuwa akinijibu hakuwa mbaya. Hakuwa na kauli tu. Mwenye kauli alikaa ghorofani, sikuwahi kumwona.

Nikapunguza redio, nikamwuliza mwenye bekari: "Mama, huko kwenu nani mwingine lazima akubali?"

Akaangalia mkoba wake. "Dada yangu mkubwa. Leseni ina jina lake."

"Ameuona mchoro?"

"Namwelezea."

"Unamwelezea picha!"

"Baba, mbona unaniingilia kazini?" binti akasema.

"Muache," mwenye bekari akasema, na akapiga simu.

Dada mtu alifika baada ya nusu saa, aproni imejaa unga, akakataa kiti. Alitazama mchoro akiwa amefumba jicho moja, kama anachungulia tanuri.

"Huyu mama mnene ndiye nani?"

"Mama yeyote tu, shangazi, anakata mkate."

"Watu watasema ni mimi. Mpunguze."

Mkono wa binti ukaanza kwenda kwenye kompyuta. Ndivyo alivyo, hurekebisha mpaka mtu anachoka kupenda. Nikamkata jicho. Akaurudisha mkono, akasukuma mbele karatasi ya makubaliano.

"Nampunguza kesho asubuhi, shangazi, ukiweka sahihi leo. Marekebisho mawili yamo humo. La tatu tunaongea upya."

"Mtoto ana mdomo huyu!"

"Ungemsikia baba yake!" mdogo mtu akasema.

Dada mtu alisoma ukurasa mzima akichezesha midomo, akafuta "mawili", akaandika "matatu", akatia sahihi. Binti aliitazama ile "matatu" kidogo, kisha naye akatia yake.

Ijumaa aliwaandikia manispaa mistari miwili ya kukataa. Nikamwambia mmoja ungetosha.