Mazishi ya Tangi la Kioo

Bwenini walimwita Askofu, maana hakuna kitu ambacho hakuwahi kukizika. Alishazika kiatu kilichotoboka na mswaki wa kiranja, akihubiri kwa uso mkavu huku wenzake wakishika mbavu.

Mwenzake wa kitanda cha juu, aliyebandikwa jina la Magugu, alikuwa na tangi la kioo kwenye dirisha la maabara. Humo mliishi magugu maji, konokono kumi na samaki watano wadogo. Kwa miezi mitatu hakuna aliyewalisha.

"Sasa wanakula nini?" Askofu aliwahi kumwuliza.

"Jua. Magugu yanakula jua, vijidudu vinakula magugu, samaki wanakula vijidudu. Kila mmoja anatumia chakula kingi kwa kuishi tu, anayefuata anaambulia makombo. Ndiyo maana samaki ni watano."

"Basi na mimi nitakula mwezi, niwaachie ninyi uji."

Ijumaa Magugu alikwenda kwao. Askofu akalifunika tangi blanketi jeusi kama jeneza, akabandika karatasi: "Marehemu ameacha konokono kumi." Kisha huruma ikamwingia. Siku zote hizo gizani, si watakufa njaa? Akawatupia vipande vitatu vya mkate, akaondoka akijiona mtu mwema.

Jumapili mchana alikwenda kuchungulia. Harufu ikampokea mlangoni. Samaki wote walikuwa wakielea, matumbo juu. Askofu akaliondoa blanketi, akazoa mkate uliooza, akaitia karatasi mfukoni.

Jumatatu waamuzi wa mashindano ya sayansi walifika maabara, darasa zima likitazama. Magugu akasimama kando ya tangi, macho mekundu.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilikosea hesabu. Samaki walizidi magugu, hewa ikaisha."

Mwalimu wa baiolojia akainamisha kichwa. Mwamuzi mmoja akaanza kuandika.

Askofu akaitazama kalamu ya mwamuzi. Angeweza kunyamaza, kalamu ile ingemaliza kila kitu.

"Hakukosea," akasema. "Nililifunika mimi. Nikawapa na mkate."

"Mkate?"

"Niliogopa watakufa njaa."

Darasa likaangua kicheko. Maisha yake yote Askofu alikuwa akikitafuta kicheko cha namna ile, na sasa alitamani ardhi immeze.

Magugu hakucheka. "Mkate ukaoza," alisema polepole, akiwatazama waamuzi, "uozo ukanyonya hewa, na magugu gizani hayawezi kutengeneza nyingine. Kumbe hesabu yangu ilikuwa sawa."

Kalamu ya mwamuzi ikasimama, kisha ikafuta.

Askofu akatoa ile karatasi mfukoni, akamkabidhi mwenye tangi. Magugu akaisoma. Akainama kiooni, akahesabu konokono waliong'ang'ania ukingo wa maji, kidole kikisogea taratibu.

"Saba," akasema, akimrudishia. "Sahihisha."

Askofu akaomba kalamu. Mbele ya watu wote akafuta kumi, akaandika saba.