Barakoa Nne za Kabati la Madame Ingrid

Jumatatu asubuhi, baada ya kumwacha mwanawe Imani kwa walezi, Hawa alishuka kwenye kave, chumba cha chini ya ardhi cha jengo lao pale Anderlecht, Ubelgiji, akafunga mlango uliovishwa godoro kuukuu, akavaa barakoa, akawasha msumeno. Chini ya mashine alikuwa ametandika vipande vya tairi. Bomba la kunyonya vumbi lilipitia kwanza kwenye ndoo yenye mfuniko, na humo ndimo unga wa mbao ulimobaki. Hayo yote alijifunza kwenye masomo ya jioni ya useremala, mimba ya Imani ikigusana na meza. Sasa anatengeneza vitanda vya watoto kwa msonobari mweupe, na watu wameanza kumjua.

Mchana mumewe Karimu akaleta barua. Madame Ingrid wa ghorofa ya nne analalamikia kelele na vumbi. Alhamisi wakaazi wangekaa kikao, na huenda kave ikafungwa.

"Vumbi yako inapanda ngazi mupaka ya nne?" Karimu alicheka. "Maman Imani, una nguvu!"

"Cheka tu. Wakifunga, nitapasulia mbao juu ya kitanda chako."

Hawa akapanda na kitambaa kibichi, akipangusa kila ghorofa kutafuta vumbi. Ghorofa tatu za kwanza zilikuwa safi. Kwa Madame Ingrid, mzaliwa wa Bujumbura ambaye baba yake alikuwa mkuu wa gereza enzi za Wabelgiji, vumbi lilikuwa juu ya kabati tu, tena jekundu. Hawa alilinusa. Libuyu, mbao ya Kongo. Yeye hajawahi kuipasua.

"Iko vumbi mingi, maman," alisema Madame Ingrid. "Na kelele, sikia."

Akafungua kabati. Ndani watu walikuwa wanavuta msumeno wa mkono kwa zamu. Mmoja alikohoa kikohozi kikavu, kirefu.

"Salama, ba papa?" Hawa aliwasalimu wazee hao.

"Salama, mwanetu. Tuko wane, wafungwa. Na wewe fundi?"

"Ndiyo."

"Bon. Funika pua."

"Kabati hii alitengeneza papa yangu," Madame Ingrid alisema, akimimina kahawa. "Na mikono yake."

"Siku gani huyo alishika randa?" sauti ikauliza ndani ya kabati, na wote wanne wakacheka mpaka wakakohoa.

Madame Ingrid, ambaye Kiswahili anakisikia vizuri, akampa Hawa sukari.

Jumatano Hawa alirudi na vifaa. Alitia mpira chini ya miguu ya kabati, akabandika kitambaa kizito kuzunguka milango. Alipofika kona ya mwisho alisita, akaacha upenyo wa kidole wapate hewa. Ndani akapigilia misumari, akatundika barakoa nne.

Kwenye kikao Madame Ingrid alitangaza kwamba kelele zimekwisha, kave ibaki wazi. Kisha akawakaribisha wote waje waone kabati alilotengeneza baba yake. Katibu akaandika hivyo. Hawa alifungua mdomo, akakikumbuka kitanda kilichobakiza msasa tu, akaufunga.

Ijumaa alipanda tena. Barakoa zilikuwa zimerudishwa misumarini, nyekundu kwa vumbi upande wa mbele, mikanda imekunjwa vizuri. Akatundika nyingine nne nyeupe, akawaaga wazee, akashuka kazini.