Pini ya Usukani

"Lete spana ya nusu," Egesa alisema, akiwa amelala chali chini ya gari, mkono ameunyoosha nje.

Oketcho akamtilia kijiko kiganjani, mpini mbele. Egesa akakipeleka hadi kwenye nati, akahangaika nacho, ndipo akasikia kicheko.

"Fundi, leo unakula gari na mchuzi?"

Siku nyingine angecheka naye. Oketcho, mtu mzima mwenye mke na watoto huko Kirewa, alikuwa msaidizi wake mwaka wa tano, na katika gereji ile ya mabati pale Busia hakuna aliyepona utani wake. Lakini hii ilikuwa Ijumaa. Kesho yake asubuhi Mama Benedeta wa Lumino angekuja kuchukua Austin ya marehemu mumewe, gari la mwaka 1936 lililokaa miaka tisa katika banda la kuku. Egesa alikuwa amelifufua kwa miezi mitano, kutoka kutu hadi rangi ya kijani. Mama alitaka kuliendesha mwenyewe hadi Tororo, ambako mwanawe alikuwa apadrishwe, wajukuu wakiwa kiti cha nyuma.

Egesa akatoka chini ya gari. "Nenda nyumbani."

"Nacheka tu, fundi."

"Nenda, nimesema!"

Hakuudhiwa na kijiko. Kilimtia hofu. Tangu mvua za masika macho yake yalikuwa na ukungu, naye akawa anafanya kazi kwa vidole, bila kumwambia mtu.

Akabaki peke yake na usukani. Nati ya mwisho ilishikiliwa na pini nyembamba kama njiti ya kiberiti, inayopita katika tundu la bolti na kukunjwa ncha. Bila pini hiyo nati ingelegea kwa mtikisiko wa barabara, na siku moja dereva angekata kona, magurudumu yakakataa kugeuka. Akajaribu mara tatu. Mara ya tatu aliona kama imeingia, akakunja ncha, akapapasa. Vidole vyenye grisi vikamwambia ipo. Akapapasa tena, havikuwa na uhakika. Akawafikiria wale wajukuu kwenye mteremko, akafuta mikono, akatoka.

Jua lilikuwa bado juu alipofika kwa baiskeli chumbani kwa Oketcho, nyuma ya soko.

"Umekuja kunifukuza hata hapa?"

"Njoo unitazamie pini."

Wakarudi gereji, Oketcho akaingia chini ya gari.

"Ipo?" Egesa akauliza.

"Iko."

"Oketcho, usinifanyie mchezo."

"Iko, lakini iko kwa mchanga. Hapa kwa bolti hakuna kitu." Akatoka, akamwekea pini kiganjani, ncha zimekunjwa vizuri kabisa.

Egesa akaketi juu ya tairi kuukuu. "Ni macho," akasema.

"Mimi najua. Tangu mwezi wa nne nafunga tena nyuma yako. Leo nilitaka useme wewe mwenyewe."

"Kwa kijiko?"

"Njia ingine mimi sijui, fundi."

Egesa akamkabidhi spana. Wakaanza upya, yeye akitaja kila nati, Oketcho akitazama na kukaza. Mbili zaidi zilikuwa zimelegea.

Asubuhi Mama Benedeta alipapasa mlango wa gari, machozi yakamlengalenga. Egesa angeweza kupokea shukrani na kunyamaza.

"Mama, macho yangu hayaoni vizuri," alisema. "Usukani ulinishinda. Aliyeufunga ni huyu."

"Huyu wa vichekesho?"

"Huyu huyu."

Oketcho alikuwa akitazama chini. Wajukuu walikwisha kuingia, wakigombania dirisha. Mama akawaangalia, akamwangalia Oketcho.

"Basi apande mbele nami hadi Tororo," akasema. "Kama amefunga vizuri, ataogopa nini?"

Oketcho akaenda kunawa mikono, akapanda.

Gari likaondoka. Kijani chake kilipotea machoni mwa Egesa mapema, likawa vumbi tu. Akasimama katikati ya barabara, kichwa ameinamisha, akisikiliza. Gia ya pili. Injini ikasita kidogo. Ya tatu. Mwenye mkokoteni akampigia kelele apishe njia. Yeye akanyoosha kiganja kumwomba anyamaze, kwa maana mlio ulikuwa bado unasikika, kwa mbali, ukielekea kwenye kona.