Rožata ya Nike, Kroštule za Deša

Mjini kwetu, ukitaka kujua mwanamke ni wa nyumba gani, unaangalia sahani aliyobeba siku ya Mtakatifu Roko, tunapoweka vitamu mezani mbele ya kanisa. Nyumba ya mama mkwe wangu, Nike, ni ya rožata: pudini ya mayai, laini, imemwagiwa sukari iliyounguzwa, inanukia kileo cha waridi. Nyumba ya Deša, jirani tunayepakana naye ukuta, ni ya kroštule, zile tepe za unga zinazofungwa fundo na kukaangwa mpaka ziwe kavu. Nike na Deša hawasalimiani. Mume wangu Stijepo amezaliwa akaukuta ugomvi huo, na ukiuliza chanzo, kila mtu anakupa chake.

Mimi nimetoka bara, Slavonia, mbali na pwani hii. Nilipoolewa nilidhani nitafundishwa rožata mwaka wa kwanza. Thubutu. Kila mkesha wa sikukuu mama mkwe ananitoa jikoni, ananituma nikanunue ndimu ambazo tayari zimejaa kapuni. Stijepo, ambaye hajui kuchemsha hata yai, ananiambia nivumilie, mama atanipa tu. Rahisi kwake kusema. Bila rožata ile mimi ni mgeni anayeosha vyombo. Nyumbani kwangu mwenyewe napiga hodi kabla ya kuingia, na aibu hiyo nilimweleza mtu mmoja tu: Tihana, mke wa mtoto wa Deša, mgeni mwenzangu. Kila asubuhi tulikunywa kahawa bandarini tukiwasengenya wakwe zetu. Nilimpenda sana. Bila yeye ningesharudi kwetu.

Basi mwaka huu mikono ya mama mkwe ikaanza kutetemeka. Jumamosi kabla ya sikukuu akatufungia jikoni, mimi na yeye. Akatoa unga, mayai, halafu sufuria ya mafuta ya kukaangia.

"Mama, mafuta ya nini kwenye rožata?"

"Nani kakwambia mimi najua kupika rožata?"

Ikatoka yote. Alipoolewa, rožata yake akiipindua kwenye sahani inasambaa kama uji. Deša naye, kwa kroštule zake ungeweza kujenga ukuta. Mwaka mmoja wakabadilishana sahani kwa dharura, kupitia tundu la ukuta nyuma ya banda la kuni. Watu wakasifu, nao wakanasa. Na kwa kuwa watu wa hapa wana macho, wakagombana hadharani, asije mtu akafikiria kwamba sahani zinavuka ukuta. Yaani marafiki wawili wameishi kama paka na mbwa, wamezeeka hivyo, kwa ajili ya pudini.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Yeye hakucheka.

"Tihana anafundishwa rožata saa hii hii," akasema. "Na kahawa yenu ya bandarini watu wameshaanza kuitazama. Kesho baada ya misa mgombane, na mgombane vizuri."

Nikamwambia siwezi. Akaniuliza kwani sitaki kuwa wa nyumba hii. Na mimi, ole wangu, nilitaka.

Jioni nikapanga na Tihana kwenye tundu, tumejaa vicheko. Mimi nitasema nguo zake zinatudondoshea maji uani. Yeye atasema paka wetu ni mwizi. Basi, yaishe.

Misa ikaisha, nikasema langu la nguo. Tihana akaanza na paka, lakini sauti haikukaa sawa, na watu wakaanza kutabasamu. Hawakuamini hata kidogo. Deša akamkazia macho. Ndipo Tihana akainua kidevu.

"Wewe wa kuniambia mimi? Miaka yote umeolewa hapa, na bado unapiga hodi mlangoni kwako mwenyewe."

Tabasamu zikafutika uwanja mzima. Hilo hatukulipanga. Machozi yakanitoka, ya kweli, mbele ya kila mtu. Mama mkwe akanishika mkono akanirudisha nyumbani, kifua mbele. Njiani akaninong'oneza kwamba hata wao siku ya kwanza hawakuweza vizuri namna ile. Nikamuuliza, siku hiyo Deša alimwambia nini. Akaukaza mkono wangu, akaongeza mwendo.

Asubuhi ya sikukuu nikapeleka kroštule zangu kwenye tundu. Rožata ya Tihana ilikuwa inaningoja, nzima, haina hata ufa.

"Jasna," akanong'ona kutoka upande wa pili. "Nilizidisha?"

"Hapana," nikamwambia. "Walikuamini."

Nikachukua sahani, nikaingia kwangu bila kupiga hodi.