Mshono wa Naftaly

Kwa miaka mingi, mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria yalipohitaji kuchomelewa, Naftaly ndiye aliyeitwa. Kisha ikaletwa mashine mpya ya kuchomelea, inayolizunguka bomba yenyewe, ikifuata namba zilizowekwa kwenye skrini. Mafundi wote wakaambiwa waanze mafunzo, na atakayeanguka mtihani atahamishiwa stoo.

Mwalimu alikuwa Jerop, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wa Naftaly. Naftaly aliketi nyuma, akiitikia kila kitu kwa kichwa. Kumbe kwake zile namba zilikuwa kama siafu waliotawanyika. Alibonyeza alipoona wenzake wakibonyeza, mpaka siku aliyokosea na moto ukatoboa bomba. Vijana wakacheka. Akavua glavu, akatoka nje.

Jerop alimfuata. "Mzee, shida iko wapi?"

Angeweza kuisingizia mashine. Lakini akaamua kusema kweli. "Ni macho, mwalimu. Hizo namba sizioni. Niliogopa mkijua mtaniambia niende nyumbani."

Jerop hakucheka. "Hapo si kwenda nyumbani, mzee. Hapo ni kwenda kwa daktari wa macho."

Jumamosi hiyo mkewe, Rahab, alimpeleka mjini Naivasha kupimwa. Jumatatu akarudi na miwani puani, akaketi mbele kabisa, akauliza maswali bila haya, mengine akayarudia. Mbugua, rika lake, kuona hivyo naye akainua mkono. Wenzao wakienda kula, wawili hao walibaki na Jerop, wakichomelea vipande vya bomba na kuvipasua waone kama moto umeingia sawasawa.

Siku ya mtihani Naftaly aliweka namba mwenyewe, akazipitia tena, akaiachia mashine. Ilinguruma ikizunguka, jasho likimtiririka mgongoni. Bomba lilipopoa, mshono ule wa kuchomelea ukapelekwa kupigwa eksirei, ionekane kama una kasoro ndani.

Jerop alirudi na picha, akaiinua kwenye mwanga. "Njoo uone, mzee. Hakuna hata kidoa."

Naftaly aliikagua ukingo hadi ukingo, akiisoma mwenyewe, kifua kikimpanuka. Kisha akapiga simu nyumbani.

"Rahab, usipike. Leo tunakula nyama choma kule Kikopey. Mbugua naye amepita, atakuja na mkewe."

Mbuzi alipoletwa mezani akifuka moshi, wenzake walianza kula bila yeye. Naftaly alikuwa bado kwenye kaunta, akimweleza mwenye bucha jinsi ile mashine inavyoendeshwa.