Trei ya Ardis Haikurudi Tupu

Verna Tjaden alipanda vitunguu saumu siku ya Jumatatu, na Alhamisi mchana vilikuwa havipo tena. Lakini tuanze na hiyo Jumatatu, kwa sababu ilikuwa siku njema, na mwaka huo siku njema za Verna zilikuwa za kuhesabu.

Umande ulikuwa umeganda usiku kwa mara ya pili. Mti mkubwa wa uani, ule wa utomvu mtamu ambao marehemu mumewe Delbert alikuwa akiugema kila Machi, ulikuwa umegeuka rangi ya machungwa yaliyoiva, kileleni mwekundu kabisa. Vichaka vya kando ya mtaro navyo vimewaka. Ng'ambo ya barabara ya changarawe mahindi ya jirani yalikuwa makavu, yakichakarika kwa upepo. Verna alitoa kiti nje, akakaa na kahawa yake mpaka ikapoa, akiangalia tu. Alikuwa na miaka sabini na minne, na hakuona sababu ya kumwomba mtu radhi kwa kukaa.

Halafu akapiga magoti, akapanda. Punje sitini na mbili, ncha juu, kila moja na shimo lake. Akazifunika kwa majani mekundu yaliyoanguka, tabaka nene, mpaka kitalu kikawa kama kitanda kilichotandikwa. Kule Iowa kitunguu saumu hupandwa majani yakipukutika, kikalala chini ya theluji, kikaamka na masika. Anayepita njiani haoni kitu ila rundo la majani.

Punje hizo ndizo zote alizokuwa nazo. Miaka mingine wao hupanda vichwa vikubwa na kula vidogo, lakini Delbert aliugua msimu wote wa baridi, akafariki Aprili, na hakuna aliyeshika jembe. Magugu yalikisonga kitalu. Vikatoka vichwa kumi na kimoja tu, na Verna hakuonja hata kimoja. Mbegu ile haikutoka dukani. Bibi yake Delbert aliivusha bahari kutoka Ujerumani ikiwa imeshonewa kwenye pindo la sketi, na tangu hapo haukupita mwaka bila mtu wa ukoo wa Tjaden kuipanda. Delbert alipokuwa kitandani hakuuliza habari za trekta wala za ardhi. Aliuliza habari za vitunguu saumu. Verna akamwahidi kwamba havitaishia mikononi mwake.

Alhamisi alikwenda mjini kwa daktari wa macho. Aliporudi akasimamisha gari uani na kwanza akadhani ni yale matone aliyotiwa machoni. Bustani yote ilikuwa imetifuliwa. Ilikuwa nyeusi na sawa kama meza, kutoka ua hadi ua, na juu yake zimetapakaa mbegu za nyasi. Nyasi, mahali pa bustani! Majani hayakuwepo. Pembeni kulikuwa na duara la jivu ambalo bado lilikuwa likifuka moshi.

Kwenye kizingiti cha mlango palikuwa na trei ya keki za tufaha, imefunikwa kwa karatasi ya fedha, na kijikaratasi: "Tumekupunguzia kazi. W. na A."

Hao ni Wendell Krogstad na mkewe Ardis, majirani wa nusu maili. Wendell alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo lililokuwa balaa. Wema wake siku zote ulikuwa na injini. Theluji ikianguka, alikuwa amekwisha kuisukuma kwenye njia za wajane kabla hawajaamka, na hakungoja kuombwa. Tenda wema nenda zako, wanasema watu, na Wendell alitenda na akaenda zake. Aliyetunga methali hiyo alisahau kuongeza kwamba mtu anaweza pia kubisha hodi kwanza.

Verna akapiga magoti pale pale, na nguo zake za mjini, akachimba kwa vidole. Akapata punje imekatwa vipande viwili. Akapata nyingine imepondwa. Harufu ikampanda puani, kali, kama Delbert yuko jikoni anamenya. Hakulia. Alikuwa amelia tangu Aprili, machozi yamekwisha, na kilichokuwa kimebaki chini yake kilikuwa hasira. Watu husema hasira hasara. Basi siku hiyo hasara ilikuwa imetangulia, hasira ikaja nyuma, tena na haki zake zote.

Akaitazama trei. Chini yake kulikuwa na kipande cha plasta nyeupe kimeandikwa KROGSTAD, ili isipotee, maana trei za kule huzunguka nyumba hadi nyumba. Na trei ya jirani hairudishwi tupu. Unaweza kukosa kanisani mwezi mzima ukasamehewa, lakini si kurudisha trei tupu. Verna akawamwagia kuku zile keki. Moja akaila, kwa sababu Ardis alijua kuoka na hasira hutia njaa. Kisha akajaza trei udongo wa kitalu, na vipande vya kitunguu saumu, na mbegu za nyasi, akairudishia karatasi yake ya fedha vizuri, pembe kwa pembe, akaingia garini.

Wendell alikuwa uani kwake anaipaka grisi mashine ya kuvunia. Akainua mkono kumsalimu. Verna hakuinua hata kile kidole kimoja ambacho watu wa kule humwinulia kila mpita njia, hata mgeni. Akapita hadi mlangoni, akamkabidhi Ardis trei.

"Jamani Verna, hukuwa na haja ya kujisumbua," Ardis akasema, akafunua. "Hii nini?"

"Vitunguu saumu vya bibi yake Delbert. Mumeo kavikatakata."

Wendell akaja anafuta mikono, akicheka kile kicheko cha mtu anayetaka jambo liwe dogo. Akasema aliona majani tu, akadhani ni takataka. Tena si yeye aliyeanza; Craig ndiye aliyempigia simu. Craig, mtoto wa pekee wa Verna, alisema kwamba mama yake anahamia mjini kabla ya theluji, nyumba inauzwa, na bustani ikipandwa nyasi itawapendeza wanunuzi.

Mwezi wa nane Craig alikuwa ameleta makaratasi yenye picha za vyumba vya wazee. Verna aliyafungia mayai. Alidhani hilo lilikuwa jibu tosha.

"Mimi nilikwambia nahama?" akauliza.

"Hapana, lakini Craig..."

"Nakuuliza mimi. Nilikwambia?"

"Hapana."

"Kutoka kwako hadi kwangu ni nusu maili, Wendell. Umekuja na trekta, umekuja na kiberiti, umekuja na mbegu. Ulishindwa kuja na mdomo?"

Wendell akaangalia buti zake. "Sikutaka kukusumbua."

"Umenisumbua," Verna akasema, kwa sauti iliyofika hadi zizini. Katika miaka hamsini ya ujirani hakuna aliyewahi kumpazia mwenzake sauti pale uani, hata siku ng'ombe wa Krogstad walipomaliza kabichi zote za Tjaden. Ardis akakaa kwenye ngazi, trei mapajani.

Wendell akasema yaliyopita yamepita, atakwenda mjini sasa hivi amletee gunia zima la vitunguu saumu.

"Sivitaki vya mjini. Nataka vyangu. Lete chekeche, na trekta liache hapa."

Akaja na chekeche hadi bustanini kwa Verna. Chini ya mti ule, uliokuwa ukiendelea kuangusha majani kana kwamba hakuna lililotokea, mzee wa miaka sabini na mmoja akapiga magoti akichota udongo kwa mikono na kuuchekecha. Verna alikaa kwenye kiti chake, bakuli mapajani. Punje nzima akaiweka bakulini, iliyokatwa akaitupa. Jani moja jekundu lilitua juu ya upara wa Wendell likakaa hapo, na Verna hakumwambia.

Saa kumi na moja simu yake ikaita. Ilikuwa ya Craig. Verna akaitazama kidogo, kisha akampa Wendell.

"Mwambie unafanya nini."

Wendell akaishika kwa vidole viwili vyenye matope. "Craig, ni mimi, Wendell. Niko bustanini kwa mamako... Hapana, nyasi hazioti hapa. Natafuta vitunguu saumu vyake." Akasikiliza. Masikio yake yakawa mekundu. "Hapana, hahami. Hukumuuliza, bwana. Hata mimi sikumuuliza... Basi mpigie kesho, lakini uanze kwa kuuliza."

Akairudisha simu. Akabaki amepiga magoti, akaitoa kofia mfukoni akaishika kwa mikono yote miwili, kama yuko kanisani.

"Verna, nisamehe. Nimekosa."

Akangoja. Kule mtu akisema nisamehe, mwenzake hujibu upesi hakuna neno, hata kama amekanyagiwa mtoto. Wendell alikuwa ameishi miaka sabini na moja na hakuwahi kunyimwa jibu hilo. Verna naye alilijua lilipo, lilikuwa limemkaa mdomoni tayari kwa mazoea, na akalimeza.

Akahesabu bakuli. Punje nzima zilikuwa ishirini na tatu. Zilitosha kuanza upya; Delbert angesema zinatosha kabisa.

"Bado thelathini na tisa," akasema. "Endelea."