Udhuru wa Kokuberwa

"Mimi naishia hapa," alisema Rugemalira, mwenyekiti wa kitongoji, akazima pikipiki kabla haijafika kwenye kijia. "Leo Alhamisi. Ni siku ya kikao chao."

"Afadhali," alisema Alistidia. "Nitawakuta wote."

Rugemalira alitaka kusema jambo, akaona haya. Alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya mkutano wa hadhara, na tangu asubuhi mdomo wake haukupumzika. Sasa alionyesha tu kwa kidole mahali kijia kilipozama kwenye migomba.

"Nyumba ni moja, hutapotea. Nitakusubiri hapa kwenye kibanda cha ndizi. Na ukimaliza, dada yangu, andika mfu. Kijiji kinalihitaji hilo eneo. Tunataka kujenga ghala."

Kishikwambi ambacho Alistidia alipewa na ofisi ya kuhakiki vikundi kilikuwa na visanduku viwili tu: HAI na MFU. Kikundi chenye wanachama wasiopungua wawili, kinachofanya vikao, kilikuwa hai. Kisichotimiza hayo kilikuwa mfu, nacho hufutwa, na ardhi yake hurudi kijijini. Kwa majuma matano Alistidia alikuwa akibonyeza visanduku hivyo, kuanzia Kagondo pale Bukoba mjini hadi huku Kagoma, wilayani Muleba. Alikwisha kuhesabu mashirika na vikundi mia tatu na kumi na mbili.

Mkoa wetu ukikosa vyote haukosi chama. Alikuta wafuga nyuki, akina mama wa vanila, na watega senene wenye katiba ya kurasa arobaini. Alikuta kwaya ya Kilutheri iliyosajiliwa kama shirika la mazingira kwa sababu iliwahi kupanda miti. Alikuta umoja wa wajane ambao mwenyekiti wake alikuwa mwanaume mwenye mke, na kituo cha yatima chenye yatima watatu na wakurugenzi watano. Mahali pengine alikuta kibao kikubwa kilichoandikwa kwa rangi tatu, nyuma yake hakuna kitu ila mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo. Aliuliza. Mbuzi hakuwa mwanachama.

Angecheka zaidi kama yeye mwenyewe asingekuwa mtoto wao. Watu wengine hulelewa na bibi zao. Alistidia alilelewa na vifupisho. Shirika la herufi tatu lilimlipia ada, la herufi nne likamshonea sare, la herufi tano likamletea blanketi lenye nembo, akapigwa picha amelishika. Hakuna hata moja lililomwambia mama yake amelala wapi.

Baba alifia Rubafu, Alistidia akiwa na miaka minne. Matanga hayajaisha ukoo ukamfukuza mama yake, Kokuberwa, kwenye kibanja, shamba la migomba linalozunguka nyumba, ukambakiza mtoto. Mwanamke yule aliondoka kwa miguu kuelekea kwao Muleba, na mwaka haukugeuka akawa amekufa. Shangazi Joanitha, ambaye swali hilo lilikuwa likimkasirisha miaka yote, siku moja alijisahau akasema, "Alizikwa na wanawake waliokuja na majembe yao wenyewe, huko Kagoma." Basi. Hakuongeza neno mpaka naye alipoiaga dunia.

Kwa hiyo ofisi ilipotafuta makarani wa muda, Alistidia aliomba apewe Kagoma. Mtu anayetafuta kaburi hawezi kubisha hodi kila nyumba bila kuonekana mchawi, karani anaweza. Katika kata hii alikwisha kupita vikundi arobaini, na kila mahali, baada ya maswali ya ofisi, alikuwa akiuliza lake. Hakuna aliyejua. Miaka ile, walimwambia, watu walizikwa wengi mno. Hiki cha leo kilikuwa cha arobaini na moja na cha mwisho: Kikundi cha Tuzikane. Kama mama yake hakuwa hapa, basi hakuwa popote, na wazo hilo lilimuuma kama njaa.

Ndani ya kibanja mwanga ulipungua ghafla. Migomba ilikuwa minene, imepaliwa vizuri, majani makavu yametandazwa chini bila hata gugu moja. Mikono mingi, aliwaza. Katikati ya migomba ilisimama mimea ya mlamula, ile ambayo watu wa kwetu huipanda mipakani, lakini hapa haikufuata mstari wowote. Mmoja huku, miwili kule. Alijiuliza ni mlevi gani aliyepima mipaka hii.

Bikizee mmoja mwembamba alikuwa mlangoni, akimalizia kutandaza majani mabichi sakafuni, kama wafanyavyo wazee wakingoja wageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nyegera waitu, karibu. Ni Penina mimi, katibu. Vua viatu, usinikanyagie nafasi za watu."

Alistidia alitazama chini. Majani yalikuwa yamekatwa asubuhi hiyo, lakini yalikwisha kubonyea hapa na pale, mviringo mmoja kando ya mwingine kuzunguka ukuta, kama yanavyobonyea mtu akikalia. Akakaa mahali ambapo majani yalikuwa bado hayajabonyea, karibu na mlango, akawasha kishikwambi.

"Wanachama walioandikishwa ni wangapi, bibi?"

"Ishirini na wawili."

"Na walioko sasa?"

"Ni hao hao. Hakuna aliyetoka."

"Wako wapi?"

"Mimi si huyu? Wenzangu wapo kibanjani."

Alistidia akaandika 22. Alifurahi kwa ajili yao. Tangu aanze kazi hajapata kikundi ambacho hakikupoteza mtu. Penina alimletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, Alistidia akatafuna punje mbili huku akisikiliza shambani. Majani makavu yalikuwa yakivunjika polepole, huku na kule, kama chini ya nyayo za watu wasio na haraka. Wanapalilia, aliwaza. Watakuja mvua ikianza.

Mvua ilianza. Hakuna aliyekuja.

"Saa imefika," alisema Penina. Alifungua daftari la shule lililovaa karatasi ya kaki, akatoa penseli fupi. "Tunaanza. Karani, wewe ni mgeni mwalikwa, hutapiga kura."

"Bibi, si tuwangoje wenzako?"

Penina alisoma, "Magdalena wa Kahangwa," akanyamaza, kichwa amekiinamisha upande wa mlango. Kule shambani, kulia, jani kavu likavunjika. Tak. Penina akatia alama ya vema. "Asha wa Shaban." Akangoja. Tak, safari hii mbali kidogo, kushoto. Akatia alama. "Mama Rwekaza." Tak. Karibu sana, nyuma ya ukuta.

Migomba haikosi kelele, hasa mvua ikinyesha. Kila mtoto wa huku anajua hilo, na Alistidia alijiambia hivyo majina sita mfululizo. Jina la saba lilipoitwa alikuwa akiutazama mlamula mmoja kupitia mlangoni, na sauti ikatokea chini yake hasa. Jina la nane, mlamula mwingine.

Hapo ndipo alipoyasikia upya maneno aliyokwisha kuyaandika. Wapo kibanjani. Yeye mwenyewe, mtu akimuuliza habari za baba yake, husema yupo kibanjani Rubafu, na Mhaya hahitaji kuuliza mara mbili. Sisi tunazikana palepale tunapokula, na mlamula hupandwa kaburini pia, si mpakani tu. Lakini siku hii alikuwa karani, akaelewa kama karani. Aliifuta 22 akaandika 1, na kidole kikabaki kimening'inia juu ya MFU. Alitaka kukimbia. Kilichomzuia kilikuwa ni kitu kidogo sana: alikuwa bado hajauliza swali lake.

"Kokuberwa wa Rubafu," alisoma Penina.

Mvua tu. Penina alingoja muda mrefu kuliko alivyowangojea wengine. Hakuna jani lililovunjika. Akaandika neno moja mbele ya jina, wala hakuonekana kushangaa.

"Umeandika nini?" aliuliza Alistidia.

"Udhuru."

"Udhuru gani, bibi?"

"Huyu hahudhurii. Wenzake wote huniitikia, yeye tangu tumzike hajaitikia hata Alhamisi moja. Lakini si mtoro. Aliaga." Penina aliegemea ukuta. "Tulikuwa wanawake tuliofukuzwa, mwanangu. Mjane huyu, mgonjwa yule, kila mmoja kwao hapatakiwi, hata maiti yake haitakiwi. Tukanunua kipande hiki ili tuwe na pa kulala. Kokuberwa alikuja miguu imevimba. Siku ya mwisho nilikuwa namnywesha uji. Akasema, Penina, mniandikie udhuru, nakwenda Rubafu kumchukua mtoto wangu. Akafumba macho. Mtu akiaga hivyo utamwandikia nini? Utoro?"

Miaka thelathini na zaidi, kila Alhamisi, neno hilohilo. Alistidia akalia kwa sauti, kama alivyokatazwa kulia mbele ya wapiga picha.

"Mtoto ni mimi," alisema. "Bibi, mtoto wa Kokuberwa ni mimi. Namtafuta yeye."

Alitegemea kukumbatiwa. Penina alimwangalia uso, paji, kidevu, mikono, akakubali, kisha hofu ikamwingia machoni, hofu ya mtu mzima anayejua njia na hatari zake.

"Mawe!" alimaka kwa Kihaya. "Kama wewe upo hapa, yeye yupo wapi?"

Wote wawili wakageuka kutazama mlango.

"Kaburi lake lipo," alisema Penina baadaye, kwa sauti ndogo. "Ule mlamula ulio peke yake, karibu na mti wa kahawa. Nitakuonyesha. Lakini ndani yake hamna mtu, nakwambia kweli. Nimepalilia pale miaka yote. Ni udongo tu."

Alistidia alijipangusa uso kwa kiganja. Aliuona mlamula ule. Akilini aliyaona pia matofali na mifuko ya saruji ya ghala la Rugemalira, na miguu ya wapakiaji ikipita juu yake.

"Bibi, mtu akitaka kujiunga na Tuzikane anafanyaje?"

"Anakuja."

"Tu?"

"Na anakaa kikao hadi mwisho. Wengi hukimbia."

Alistidia aliifuta 1. Akaandika 2, akabonyeza HAI, akatuma kabla hajajishauri. Mtandao wa Kagoma, ambao siku nyingine huhitaji kupanda kilima, uliipokea mara moja. Penina alikwisha kuandika jina lake chini kabisa ya ukurasa, la ishirini na tatu, kwa mwandiko wa taratibu.

"Sasa tumngoje," alisema. "Rubafu si karibu."

Walikaa. Mvua ilipungua, ikawa matone yanayodondoka kutoka jani hadi jani, na kule kwenye migomba hapakuwa na sauti nyingine hata kidogo; walionyamaza kule walinyamaza kama watu wanaosikiliza. Kisha, kutoka barabarani, ikaja sauti ya Rugemalira, ile ile ya mkutano wa hadhara, ila ilikuwa ikitetemeka kidogo.

"Karani! Kuna mama anaingia huko! Kaloa chapachapa, miguu imevimba! Ananiuliza kama kikao kimeshafungwa!"

Penina alilowesha ncha ya penseli kwa ulimi. Alistidia alijisogeza juu ya majani, taratibu, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yake na mlango.